Jibu la Mtu Mwingine

"Hivi wifi yako kakosewa na nani?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo asubuhi moja tukianika nguo, kila mtu upande wake wa ukuta. Jana yake alikuwa amekwenda kusukwa. Kichwa kilipendeza kweli, lakini uso ulikuwa kama wa mtu aliyetoka msibani. Alisema alikalia kiti tangu mchana hadi jioni, na wifi hakumwambia neno zaidi ya "inamisha kichwa".

Nilicheka, nikadhani ananitania. Huyo wifi yangu, dada wa mume wangu, ni msusi, na mtaani wanamwita Redio. Saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba anayoishi na mama yao: viti viwili, kioo chenye ufa pembeni, na ndoo ya maji ya moto ya kuchovya ncha za rasta. Wanawake huzipita saluni zenye feni ili wafike kwake, wasukwe huku wanasimuliwa. Si msengenyaji. Atakuambia nani kajifungua, nani kapaka mlango wake rangi mbaya, paka wa dukani kalala kwenye gunia gani, na akikaribia penye kuchekesha huanza kucheka mwenyewe kabla hajafika, mpaka chanuo linamponyoka.

Ila msikilizaji wake mkubwa si mteja. Ni mama mkwe wangu, anayeshinda kwenye kochi karibu na mlango. Macho yake hayaoni tena. Habari zote za nje zinamfikia kwa mdomo wa binti yake.

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Kweli, kimya. Vidole vinakimbia kichwani kwa mteja, mdomo umebanwa. Nikamwamkia mama, akaitikia, kisha akanivuta mkono na kuninong'oneza.

"Mwanangu, mwenzio amenichoka. Ananilisha, ananiogesha, lakini hanisemeshi. Mwambie mumeo aje anichukue, nisije nikawa mzigo hapa."

Moyo uliniuma. Nikamwita wifi jikoni nimuulize. Alitoa simu kwenye mfuko wa aproni, akabonyeza, nikasikia sauti ya Mwalimu wetu wa dini, taratibu kama kawaida yake: "Nyamaza. Maneno yako ndiyo yanayokuziba masikio. Kaa kimya mpaka usikie kilichomo ndani yako." Ikaishia hapo.

Hapa nieleze kidogo. Kwetu, ibada ikimalizika watu humuuliza Mwalimu maswali naye hujibu. Anayerekodi hukata maswali yote, akatutumia majibu peke yake, ili sauti isile bando. Tumezoea, na hakuna aliyewahi kulalamika. Siku jibu hilo lilipotolewa mimi sikuwepo, na wifi naye hakwenda ibadani, alibaki na mama. Jibu lilipomfikia kwenye simu aliona amelengwa yeye. Na kusema haki, ningekuwa yeye ningeona vivyo hivyo. Nani mwingine hapa mjini ana maneno kama yake?

Sikubishana naye. Mimi niliishia shule ya msingi, na neno la Mwalimu silichezei. Mteja alipokwisha kusukwa nikamwomba jirani aje akae na mama, nikamwambia wifi avue aproni twende tukaulize.

Mwalimu tulimkuta nyuma ya nyumba ya ibada, kakunja suruali hadi magotini, anamwagilia mboga. Nikamweleza. Akamgeukia wifi, akamuuliza ni nani aliyemwambia anyamaze. Wifi akamnyooshea kidole, yeye Mwalimu. Basi akacheka mpaka mpira wa maji ukamgeukia na kumlowesha miguu.

Kumbe jibu lile alipewa fundi bomba. Yeye na kaka yake walikuwa hawasemezani kwa ajili ya ukuta wa mpaka wa nyumba zao, na kila wiki alisimama kuuliza ni lini Mungu atamwonyesha kaka yake kwamba amekosa. Kabla hajajibiwa alishaanza kuusimulia ugomvi upya. Watu walikwishachoka naye. Aliponyamaza kama alivyoambiwa, haikupita muda akaenda mwenyewe kugonga kwa kaka yake, na siku hizi wanakula pamoja.

"Ile dawa ilikuwa yake, ikamponya," Mwalimu alisema. "Wewe dada umemeza dawa ya mgonjwa mwingine. Hujawahi kuniuliza hata swali moja. Nani anayesikiliza hayo maneno yako?"

Wifi akafungua mdomo. Sauti ilitoka na kutu.

"Mama. Haoni."

Mwalimu alikwenda kufunga bomba, akarudi akijifuta mikono. "Rudi nyumbani ukaseme," alimwambia.

Njia nzima sikupata nafasi ya kutia neno. Lakini alinieleza pia kwamba ukimya wake haukwenda bure: kuna mteja ambaye miaka yote hucheka naye, na safari hii alimsikia analia polepole. Sasa atakuwa anapumzika kidogo kati ya hadithi na hadithi. Nilimwambia hilo nitaliamini nikiliona.

Tulipofika alikaa kochini ubavuni kwa mama, akamshika mikono, akamweleza yote.

"Kwa hiyo hukunichoka?" mama akauliza.

"Nilinyamaza kwa ajili ya Mungu, mama."

"Na mimi nilikuwa namwomba huyo huyo akufungue mdomo. Maskini, tulikuwa tunamchanganya."

Jirani alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mama naye alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na wifi alikwisha kuanza kumsimulia miguu ya Mwalimu ilivyolowa.

Juzi nilimwambia nataka kuyaandika haya, wayasome akina mama wenzetu. Alikuwa anachambua rasta, hakuinua hata kichwa.

"Andika, wifi. Ila nakuomba uandike na alichouliza fundi bomba. Mtu asije akadhani Mwalimu alikosea. Alisema sawasawa, ila hakuwa anasema na mimi."