Mtani Aliyekataa Kuku

Nyuma ya mlango wa Goreti Kipriani, katika kijiji kimoja kwenye njia ya kwenda Mnero, kuna furushi la kanga iliyochuja. Ndani yake mna sufuria, blanketi, nguo za kubadili na mbegu za ufuta zilizofungwa kwenye kitambaa. Ni furushi la mtu anayetarajia kuondoka upesi. Goreti alijifunza kulifunga kwa mama yake.

Utotoni aliishi upande wa Ruangwa. Siku moja baba yake, Kipriani, alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema kwamba mizani ya kupimia korosho inadanganya, tena akamtaja aliyeichezea. Watu walimpigia makofi. Haikupita wiki, familia ikiwa shambani, nyumba yao iliungua mchana kweupe, na kati ya majirani wote waliopiga makofi hakupatikana hata mmoja aliyeona moshi. Mama alifunga kilichosalia ndani ya kanga, wakashika njia ya Nachingwea kwa miguu. Njia nzima alinyamaza. Mara moja tu alimgeukia binti yake.

"Umeona? Mdomo umekiponza kichwa. Wewe mwanangu, fumba."

Goreti akafumba. Alisoma akiwa amefumba, akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, bado amefumba. Mkutano ukiitwa, alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Akiulizwa maoni yake, alijibu, "Kama walivyosema wenzangu." Kijiji kikampa jina la Mama Kama-Wenzangu, naye hakulikataa. Kulikataa kungekuwa kusema.

Alikuwa na sababu nyingine ya kunyamaza. Shamba alilolima halikuwa lake. Lilikuwa la Isihaka, mkulima mkubwa wa korosho, mwenye bloa za kupulizia dawa na guta la kubebea mizigo. Isihaka alimwazima kwa maneno tu, kwa sharti kwamba kila msimu wa dawa aende kumsaidia kuchota maji ya kuchanganyia. Kilichoazimwa kwa mdomo huweza kuchukuliwa kwa mdomo, na Goreti alilijua hilo kila alipoinua jembe.

Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo Goreti alisema: msibani. Ukoo wake na ukoo wa Mzee Harithi ni watani tangu enzi za mababu, na dini zao mbili hazikuwahi kuutenganisha utani huo. Mmoja wao akifa, watani kutoka upande wa pili huja na vituko vyao. Huvaa magunia, hujipaka majivu, humsema marehemu, humwaga chakula, hupiga kelele kwamba wapishi wametia sumu. Hakuna anayekasirika, maana anayemkasirikia mtani huonekana mjinga. Mwishoni wafiwa humpa mtani kuku. Akimpokea, hutulia, na yote aliyoyasema huwa yamefutika. Ndani ya gunia Goreti alikuwa mtu mwingine. Waliomjua kwa "kama walivyosema wenzangu" walishika mbavu kwa maneno yake.

Mzee Harithi alifariki mwezi wa Julai, asubuhi ya baridi, mikorosho yote ikiwa myeupe kwa unga wa salfa unaopulizwa kuzuia ukungu wa ubwiriunga. Goreti alilia kweli kabla ya kuvaa gunia. Harithi na mkewe Mwanne ndio waliowapokea siku ile walipofika kutoka Ruangwa na furushi lao. Mwanne ndiye aliyemwosha miguu.

Isihaka alijitolea kuleta maji ya msiba. Dereva wake, Imrani, aliyashusha kutoka kwenye guta yakiwa ndani ya pipa la bluu, na wanawake wakaanza kuyachota kwa ajili ya uji wa wageni waliotoka mbali. Goreti, majivu usoni, alilisogelea pipa akitafuta kituko cha kuanzia. Akasimama.

Shingoni mwa pipa palikuwa na kovu la plastiki iliyoyeyushwa kwa moto kuziba ufa. Alilijua kovu lile. Wiki iliyopita tu alikuwa akilimiminia maji shambani kwa Isihaka, wapulizaji wakichanganya dawa ya wadudu humo humo. Aliinama. Harufu ilikuwepo, hafifu, ile inayobaki kooni mpaka jioni. Maji yalikuwa na weupe kidogo, lakini nani angeshangaa? Maji ya lambo huwa na rangi siku zote.

Amwambie nani? Isihaka alikuwa amesimama na wazee, kanzu yake nyeupe, akipewa asante kwa maji. Kumwambia mtu wa namna hiyo, siku ya maziko, kwamba maji yake yana sumu ni kumwita mchawi, na kwa neno hilo watu wamefukuzwa vijijini huku. Aliona moshi wa Ruangwa. Aliona jembe lake likitupwa njiani.

Lakini alikuwa na gunia mwilini. Akaona ndilo litakalomsitiri.

"Msinywe!" alipiga kelele akirukaruka. "Msinywe, enyi walafi! Isihaka amewatilia dawa ya mikorosho! Anataka awavune nyote msimu huu!"

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko.

"Niletee vikombe viwili, mtani!" alijibu Hasani, mdogo wa marehemu, akifuta machozi. "Huenda nikapona ubwiriunga wa miguu!"

"Mpeni kwanza Hasani, huyo hajawahi kuzaa hata korosho moja!" mwingine akadakia.

Hata Isihaka alicheka. Goreti alikimbilia jikoni akaipiga teke sufuria ya uji, ikamwagika yote kwenye majivu. Kicheko kikazidi. Watani wote humwaga sufuria.

"Loo, mama Agapiti leo umepania!" alisema Samia, mpishi mkuu wa msiba, akimwita kwa jina la mwanawe anayefanya kazi Nachingwea mjini. "Bahati yetu tulibandika mbili."

"Samia, nasema kweli. Lile pipa ni la dawa."

"Najua, najua. Na mimi ni malaika." Samia alitoka nyuma ya nyumba na kuku mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba. "Haya, mtani, chukua kuku wako, utuachie tumzike mzee wetu."

Goreti alinyoosha mkono. Ulijinyoosha wenyewe. Vidole vilishika miguu ya kuku, na kwa kitambo akahisi unafuu mkubwa. Akimpokea tu, mambo yamekwisha. Alikuwa amesema. Wao ndio waliocheka. Hakuna ambaye angemlaumu, na Isihaka asingekuwa na neno, maana maneno ya mtani hayamshiki mtu.

Ndipo alipomwona Mwanne mlangoni, amejifunika kaniki, hajala tangu alfajiri. Mtu alikuwa anampa kikombe cha uji kutoka kwenye sufuria ya pili. Mwanne alikipokea kwa mikono miwili.

Goreti akamwachia kuku. Alianguka chini akipiga mabawa, na hakuna aliyemwokota. Goreti alimfikia Mwanne, akampokonya kikombe na kukimwaga kizingitini. Kisha akalivua gunia mbele ya watu wote, akabaki na gauni lake la kawaida, akajifuta majivu kwa upindo wa kanga.

Kicheko kilikatika. Mtani aliyekataa kuku hakuwahi kuonekana na mtu yeyote pale.

"Mimi ni Goreti binti Kipriani," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na watu waliisogelea. "Sasa hivi siyo mtani. Bwana Isihaka, lile pipa ni la dawa. Nililijaza mwenyewe shambani kwako. Tafadhali, watu wasinywe."

Isihaka alitoka katikati ya wazee. "Mwanamke, unaniita mchawi mbele ya maiti?"

"Sikusema mchawi, bwana." Alinyoosha kidole. "Nimesema pipa."

"Pipa langu limeoshwa. Imrani! Hukuliosha?"

Imrani alitazama kandambili zake. "Nililisuuza, mzee."

"Mmesikia. Unakaa kwenye ardhi yangu, unakula ardhi yangu, halafu unanivunjia heshima msibani." Akaliendea pipa, akachota maji kwa kata, akayanywa yote, koo likipanda na kushuka. Akaigeuza kata chini ili watu waone. "Haya. Nimekufa?"

Wachache walicheka, kicheko chembamba. Goreti aliketi chini pale pale aliposimama. Hapakuwa tena na gunia la kujifichia. Alisikia mtu akisema kwamba mwizi wa fadhila ni mbaya kuliko mwizi wa mali. Lakini jikoni Samia aliinua sufuria ya pili na kuimwaga taratibu shimoni.

"Unamwaga nini, wewe?" Hasani alimuuliza.

"Namwaga uji."

"Kwa sababu ya maneno ya mtani?"

"Kwa sababu ya kuku," Samia alijibu.

Kabla jeneza halijainuliwa, Isihaka alianza kutoka jasho, kwa baridi ile. Alitema mate, akatema tena, mate hayakuisha. Mikono ikamtetemeka, akajishika tumbo na kuanguka juu ya mkeka. Walimpakia kwenye guta lile lile, Imrani akaliendesha mbio kwenye vumbi kuelekea zahanati. Waliobaki walimzika Mzee Harithi bila kula.

Ungedhani kijiji kingemshukuru Goreti. Wengine walimshukuru, kwa kunong'ona, wakiangalia kwanza nyuma yao. Wengine walinong'ona jambo jingine. Alijuaje? Mbona alimkodolea macho Isihaka wakati anakunywa? Kisimani wanawake walimpisha, naye hakujua kama ni heshima au ni hofu. Kila pikipiki iliyopita ilimfanya atoke nje kutazama paa lake. Habari zilifika kwamba Isihaka amepona na yuko njiani kurudi. Goreti akafunga furushi.

Ujumbe ulikuja asubuhi: Isihaka anakuita. Alikwenda na furushi kichwani, ili asipate taabu ya kurudi kulichukua.

Isihaka alikuwa ameketi barazani, mashavu yameingia ndani. Hakumkaribisha kiti. Alilitazama furushi kwa muda.

"Unakwenda wapi na hilo?"

"Sijui bado, bwana."

"Kwa nini hukuja kuniambia pembeni? Ukanivuta kanzu tu, ukaniambia, Isihaka, pipa hilo lina dawa?"

Goreti alitaka kujibu kama walivyosema wenzake, lakini pale hapakuwa na wenzake. "Ningekuvuta kanzu, ungenisikia?"

Isihaka aligeuza uso. Kuku walichakura uwanjani. Kando ya choo pipa la bluu lilikuwa limelala, limetobolewa kwa mtaimbo kila upande.

"Nisingekusikia," alisema hatimaye. "Ningekufukuza, na watu wangekunywa." Kisha, kama aliyekasirishwa na maneno yake mwenyewe, akaongeza kwa ukali: "Nenda kalime. Lakini usidhani nimefurahi."

"Sidhani, bwana."

Hakufurahi kweli, na mpaka leo akikutana naye njiani humsalimu akitazama upande. Shamba bado ni la kuazima. Lakini mkutano wa kijiji uliofuata, mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye neno, mkono uliinuka kutoka nyuma, karibu na mlango. Goreti aliuliza mapipa na madumu ya dawa yatatupwa wapi, maana kuna nyumba zinazowekea maji ya kunywa humo. Baada yake alisimama Samia. Baada ya Samia, kwa mshangao wa wengi, alisimama Imrani, akasema kwamba siku ile alijua kuwa kusuuza hakukutosha na aliogopa kusema.

Siku hizi Goreti husema karibu kila mkutano, na vijana wamembadilishia jina, wanamwita Mama Siyo-Mtani. Wapo wanaodhani kwamba woga umemtoka. Nilipokwenda kwake kumuuliza, alikuwa amepiga magoti nyuma ya mlango akikaza fundo la furushi, kwa kuwa mkutano ulikuwa unaanza saa nne.

"Umetoka uende wapi?" alisema. "Naogopa sana, mwanangu. Ndiyo maana nafunga kwanza, halafu nakwenda."