Mjane Alizitoa Wapi Senti Zake?

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mimi. Nasema hivyo bila kujisifu, ingawa sababu za kujisifu ninazo. Wakati wa Operesheni nilisimama shambani kwetu Murukulazo nikawaangalia vijana wa mgambo wakishusha paa la nyumba ya marehemu baba, halafu wakatuambia tuhamie kijiji cha ujamaa tukanywe maji ya bomba. Bomba lenyewe mpaka leo sijaliona. Sikushangaa. Nililiona duka la kijiji likifunguliwa kwa ngoma na hotuba, likauza viberiti wiki mbili, kisha likabaki na mizani na mwenye kuuza tu. Sikushangaa. Wenzangu walipokuwa wamekaa kwenye foleni ya sukari ambayo haikuja, mimi nilikuwa nasukuma baiskeli na gunia la maharage kwenda Kibondo, narudi na chumvi ya Uvinza, napanda vilima ambavyo punda angekaa chini akalia. Darasa la pili nililiacha katikati. Waliomaliza la saba walikuja kununua chumvi kwangu, jioni wakaniita mlanguzi, kesho yake wakarudi na kibaba.

Kwa hiyo nikisema mtamba wa mama alinishangaza, msomaji ajue jambo halikuwa dogo.

Mtamba huyo nilimnunua mimi. Nilimnunua Nyantakara kwa fedha ya chumvi, nikamswaga kwa miguu mpaka nyumbani, nikamfunga zizini kwa mama. Hakuwa wangu wala wa mama. Alikuwa wa mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ili siku ya kuoa asiende kwa wakwe mikono mitupu. Kwetu ukienda kuposa bila ng'ombe, baba mkwe hata kiti hakutolei. Baba alikuwa amekufa; nani mwingine angemlipia? Vita vilipokuja, mgambo wakaitwa, naye akapanda lori pamoja na wenzake. Alishika ubao wa lori akanipigia kelele: "Kaka, niangalizie mtamba wangu!" Lori likaondoka na vumbi lake.

Redio ilitangaza ushindi. Wenzake wakaanza kurudi mmoja mmoja, wengine wakiwa na redio mpya, wengine wakiwa na kikohozi. Yeye hakurudi. Ukimuuliza aliyerudi, anakwambia walitenganishwa mapema. Watu wakaacha kumuuliza mama habari za mtoto. Mtu akikutana naye njiani anamsalimia haraka, anaulizia maharage. Mimi niliijua maana ya kuulizia maharage.

Sasa nimlete katekista. Kigango chetu Padre alikuwa anakifikia kwa pikipiki mara chache, mvua ikikubali. Jumapili nyingine zote ibada aliiongoza katekista, mzee mmoja tuliyemwita Mwalimu. Alikuwa mtu mwema, sitaki kumsingizia, ila wema wake ulilipiwa na watu wengine. Akishasoma Injili alikuwa anafunga kitabu, anavua miwani, ananyamaza mpaka watoto wachanga nao wanyamaze, ndipo anatoa tafakari.

Jumapili ile ilikuwa Injili ya mjane maskini, yule aliyetumbukiza senti mbili hekaluni. Mwalimu akavua miwani.

"Matajiri walitoa kilichobaki," akasema. "Mjane alitoa chote. Na wewe uliyekaa hapo, jiulize: ni kitu gani unamficha Mungu?"

Watu kadhaa waligeuka kunitazama mimi. Nilizoea. Nami nikamtazama mama, upande wa wanawake, amekaa kwenye mkeka wake. Hakugeuka. Shingo yake haikutikisika mpaka mwisho wa Nasadiki. Ningekuwa na akili siku ile ningekwenda moja kwa moja zizini kumhamisha yule ng'ombe.

Ikafika sikukuu ya Kristo Mfalme. Kigango kizima kilipambwa kwa migomba, ngoma zikapigwa, na wakati wa matoleo wanawake wakaja na vikapu kichwani: maharage, mtama, mikungu ya ndizi, kuku wamefungwa miguu. Mwisho wa mstari kabisa nikamwona mama. Amevaa kanga yake ya sikukuu, ameshika kamba, na nyuma ya kamba, mtamba. Ng'ombe akaingiza kichwa mlangoni, akaona watu wanaimba, akakaza miguu, akakojoa kizingitini. Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu ikabidi atoke kumpokea pale pale nje. Mama akapiga magoti kwenye matope akasema, tena kwa sauti ambayo kila mtu alisikia: "Sina kingine. Mpe Mungu huyu, naye anirudishie yule."

Mimi nilisikia masikio yakiniwaka moto. Kama yule anarudi, ataoa kwa nini? Kwa Zaburi?

Lazima nieleze mnada wetu, maana parokia nyingine hawana balaa hili. Baada ya ibada matoleo yanauzwa nje ya kanisa, fedha inakwenda kwenye mabati. Lakini kwetu si kutaja bei tu kama mnada wa serikali. Kwetu anayeongeza anaweka kikapuni papo hapo, na alichoweka harudishiwi. Wa mwisho kuweka ndiye anaondoka na kitu. Kuku wa shilingi kumi anaweza kumaliza mifuko ya wanaume watano, na wote wanarudi nyumbani wakisema wametoa sadaka.

Siku hiyo alikuwepo mwenye bucha wa Ngara mjini. Sikukuu hazikumpita, palipo na mnada wa kanisa ndipo alipopata nyama ya bei poa. Akaweka noti ya kwanza kikapuni, akampiga mtamba kofi la mgongo, nikaona mkono wake ukipapasa nyonga. Alikuwa anapima nyama. Nikaweka. Akaweka. Nikaweka.

"Ee mlanguzi!" akapiga kelele mmoja wa majirani. "Leo chumvi imepata unyevu?"

"Unyevu ni wa macho yako," nikamjibu, nikaweka noti nyingine. Mwenye bucha akacheka, akarudi nyuma. Nilichukua kamba, nikapita katikati ya watu, kifua mbele, nikampelekea mama.

"Mama, shika ng'ombe wako."

"Si wangu."

"Wa nani sasa?"

"Wa Mungu."

"Mungu ameshaniuzia. Watu wote wameona."

"Umelipa wewe, mwanangu. Aliyetoa ni mimi. Nikimlaza tena zizini kwangu, nitakuwa nimempa Mungu nini? Moshi?"

Sikubishana. Nilimfunga kwenye zizi lile lile, maana kwangu palijaa magunia, nikaondoka nikijua nimelimaliza jambo kiume.

Jumapili iliyofuata, mwanzo wa Majilio, mama akaja na kamba.

Hapo hata wazee walicheka. Ng'ombe mwenyewe alishaijua njia, hakukaza miguu tena. Ibada ilipokwisha nilimfuata Mwalimu mlangoni. Nilimwamkia kwanza, shikamoo, kwa sababu mama alikuwa anatazama. Kisha nikamwambia huwezi kupokea kitu kimoja mara mbili, huo si utoaji, ni wizi wa mchana.

"Mwanangu," akanijibu kwa ule upole wake, "kanisa halimhoji mtoaji. Hata mjane wa Injili, Bwana hakumuuliza senti zake alizitoa wapi."

Hasira yangu ya kweli ilianzia hapo, na mpaka leo haijaisha.

"Basi nauliza mimi!" nikasema, na watu wakajaa. "Mjane. Hana mume, hana kibarua, sokoni hauzi kitu. Senti mbili alizitoa wapi? Alikuwa na mtoto, Mwalimu! Mtoto aliyekuwa njiani na mzigo mgongoni. Yeye ndiye alimpa. Injili haikumwandika kwa sababu saa ile alikuwa sokoni!"

Bibi mmoja asiye na meno, rafiki wa mama, akadakia kutoka nyuma: "Kama alikuwa sokoni siku ya Bwana, afadhali hakuandikwa."

Kicheko walichocheka siku hiyo nadhani kilisikika Burundi. Na waliponiona nimevimba, wakaona wamepata mchezo. Mnada ulipoanza kila jirani alitoa shilingi yake moja, si kwa kumtaka ng'ombe, bali kunisikia nikinguruma. Shilingi, nami naongeza. Shilingi, naongeza. Hata yule asiye na meno aliweka. Mwenye bucha alikuwa amekaa kwenye jiwe anafuta machozi. Nilimpata mtamba, lakini safari hii sikumpeleka kwa mama. Nilimfunga kwenye nguzo ya ghala langu, chini ya macho yangu mwenyewe.

Mama akawa anapita kila asubuhi na majani. Anamsalimia ng'ombe kwanza, halafu mimi. Na ng'ombe, kwa kuwa majani hayakumtosha, alikata kamba akala maharage ya kwenda Kibondo yaliyoanikwa uani.

Noeli, Padre alikuja. Nilikwenda kanisani mapema nikakaa karibu na mlango, roho imetulia, maana ng'ombe nilimwacha amefungwa vizuri. Wakati wa matoleo nikasikia kwato. Mke wangu ndiye aliyemfungulia. "Ningemkatalia vipi mama mkwe?" aliniuliza baadaye, kana kwamba swali hilo lina jibu.

Nikaapa. Nikasema moyoni, leo achinjwe, tuone kama Mungu anakula maini. Padre akahubiri juu ya Mtoto aliyelazwa kwenye hori la ng'ombe, na watu wakawa wananitupia macho, wengine wamejifunika mdomo kwa kanga. Baada ya misa nilisimama mnadani, mikono nimeikunja kifuani. Mwenye bucha akaweka fedha. Kikapu kikazungushwa. Hakuna aliyeongeza. Wale wenye shilingi zao za mzaha walipoona sinyanyui mkono, walirudi nyuma kama watu waliokanyaga siafu, kila mmoja akiogopa kubaki na ng'ombe mkononi.

"Mara ya kwanza," akasema mzee wa mnada.

Mwenye bucha alishaishika kamba.

"Mara ya pili."

Nilimtazama mama. Hakuwa ananitazama mimi, wala ng'ombe. Alikuwa anatazama barabara, ile inayotoka Lusahunga, ambako malori yaliwashusha waliokwenda vitani na mdogo wangu. Nikawaza: akishuka leo, akishuka kesho, ataniuliza. Hatamuuliza mama, hatamuuliza Padre. Ni mimi aliyeniachia neno. Mama anaye Mungu wa kumjibia. Mimi nitamjibu nini? Kwamba nilikunja mikono? Na kama nikimwacha ng'ombe huyu aende bucha, ndiyo kusema nimeshakubali kwamba hatarudi, kama wale wanaoulizia maharage.

Nikasema neno ambalo halifai kuandikwa siku ya Noeli, nikaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti. Ilikuwa fedha yote ya safari ya chumvi. Niliikung'utia kikapuni pamoja na sarafu, sikubakiza hata ya kiberiti. Mwenye bucha aliangalia kikapu, akaiachia kamba.

Mwalimu alikuwa amesimama karibu. Nikamwona anavua miwani.

"Usithubutu," nikamwambia. "Usithubutu kunifanya mfano."

Akaivaa tena.

Mdogo wangu alirudi siku ya kazi, si Jumapili, wiki mbili au tatu baada ya Noeli. Alikuwa amelazwa hospitali ya mbali, mkono wa kushoto umepungua vidole viwili, viatu vya jeshi vinampwaya. Mama alimwona kutoka shambani akatupa jembe. Sitaeleza jinsi alivyolia. Nilipofika, kijana alikuwa amekaa kwenye kinu anakunywa maji, akanitazama, na kabla hajaniamkia akasema:

"Kaka, mtamba yupo?"

"Yupo."

"Amenenepa?"

"Amekula maharage yangu."

Akacheka. Nikatoka nje nikakaa nyuma ya ghala mpaka nilipoweza kurudi.

Jumapili yake tafakari ilikuwa juu ya imani ya mama. Mama alitoa, mama alisubiri, mama akapewa. Neno moja juu yangu halikuwemo. Ni kweli nilimkataza Mwalimu, lakini mtu mwenye busara anajua makatazo ya kushika na ya kutoshika. Kijana akaoa, na wakwe walimpokea mtamba kwa vigelegele wakimwita ng'ombe wa Mungu. Sasa ng'ombe huyo ana wajukuu wa kutosha zizi zima. Mama amekufa na heshima yake, watu bado wanahadithia sadaka yake mpaka Biharamulo. Sipingi. Mimi siyo mtu wa kubishana na marehemu, na Jumapili nakaa kwenye benchi lile lile.

Lakini kila Injili ile inaporudi, katekista mpya anaposoma habari za mjane na senti zake mbili, vichwa vinageuka. Wanatabasamu. Natazama mbele, nasema kimoyomoyo, alikuwa na mtoto. Miaka yote hii wameusifu moyo wa mama, wamesifu maombi, wamemsifu hata ng'ombe, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ilikuwa kiasi gani. Basi naandika bila kuulizwa. Bei ya Nyantakara pamoja na ya minada mitatu ya kikapu, maharage sikuyahesabu: shilingi elfu mbili mia moja sabini na tano na senti hamsini.