Maji Huonjwa Kabla ya Chumvi

Shangazi yangu alikuwa mpishi wa arusi huko Bofu. Kila alipoingia nyumba ya watu kupika, kabla hajavua buibui, aliomba kikombe cha maji ya kisima. Alipiga funda moja, akalizungusha mdomoni, na yaliyobaki akayamwaga uani. Watu walidhani ana kiu. Sisi tuliokaa naye tulijua siri: zamani aliwahi kupika pilau Kisauni kwa kipimo cha chumvi cha nyumbani kwake, asijue kwamba kisima cha pale kina chumvi yake tayari. Masinia yalirudi jikoni kama yalivyotoka. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Mimi nami nilikuwa na kipimo changu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilifanya kazi Changamwe, katika kampuni yenye magodauni matatu: hapo Changamwe, Kisauni na Likoni. Nilianza kama mpiga taipu, nikajifunza kompyuta kwa ubishi wangu mwenyewe, hadi nikapewa meza ya kuandika skripti, yaani faili zenye amri ambazo mashine huzitekeleza mstari kwa mstari. Skripti zangu ndizo zilizotoa hati ya kila lori lililoondoka na mzigo. Niliipenda ile meza kupita kiasi. Niliipangusa vumbi hata isipokuwa nalo.

Taabu ni kwamba kila godauni lilinunua kompyuta kwa muuzaji wake. Ndani ya kila mashine mlikuwa na programu ya kusoma amri, ambayo sisi tuliiita mkalimani. Basi wakalimani wakawa watatu, kila mmoja na malezi ya kwao. Wa Changamwe alikuwa mjuzi. Ukimwandikia njia za mkato anakuelewa. Nami nilimwandikia zote alizokuwa nazo, kwa maringo.

"Nataka skripti zako zifanye kazi pote patatu," mkubwa wangu akaniambia. "Ijumaa ya wiki ijayo nitazijaribu mwenyewe. Zikikwama, nitaita mafundi wa Nairobi, nawe utarudi kwenye taipu."

Jumatatu nikaenda Kisauni na disketi mkobani. Mkalimani wa huko alisimama mstari wa saba, akakataa katakata. Mabano yangu ya mraba, mawili kila upande, hakuyajua. Nilimwona mshamba, lakini angalau yeye alisema. Jumanne nikajaribu Likoni, na skripti zote zikaenda hadi mwisho bila lalamiko. Nilirudi nyumbani nikiimba: imebaki Kisauni tu.

Kesho yake karani wa Likoni, mzee wa Mtongwe asiyejua haraka, akanipigia simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Na wa nyumbani hawajambo?" Salamu hakuacha hata moja. Kisha akasema, "Hati zako nzuri, wallahi. Ila kila mstari waanza kwa kistari na herufi n. Nimewauliza madereva, hakuna aujuaye mzigo huo."

Kile kistari na n ilikuwa amri yangu kwa mkalimani: chapisha maneno haya, lakini usishuke mstari. Wa Changamwe aliitii kimya. Wa Likoni aliichukua kuwa ni maneno, akaichapisha.

Niliwaka. Jioni nilifika Bofu, nikautupa mkoba, nikatangaza kwamba kazi naiacha kabla sijafukuzwa. Shangazi alikuwa akipepeta mchele, hakuinua hata macho. Akaniita kwa sauti ya chini.

"Abee, shangazi."

"Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Ukiondoka, nani atafurahi?"

Niliwaona mafundi wa Nairobi wameketi kwenye meza yangu. Nikaketi, nikamweleza yote: amri ni ile ile, huku inatiiwa, huku inachapishwa. Alicheka hadi mchele ukamwagika kutoka kwenye ungo.

"Umetia chumvi hujaonja maji," akasema. Na kwa mara ya kwanza akanisimulia kwa mdomo wake ile arusi ya Kisauni na masinia yaliyorudi.

Alhamisi nilichapa skripti zote kwenye karatasi, nikazipitia kwa kalamu nyekundu. Kila njia ya mkato iliyojulikana na mmoja tu niliikata, nikaandika ile ndefu wanayoijua wote watatu. Iliniuma, maana nilikuwa nayakata maringo yangu. Kwa kile kistari hapakuwa na njia moja ya wote, hivyo juu ya kila skripti nikaweka mistari michache ya kuonja. Mkalimani anapewa kistari na n pembeni, na skripti inatazama atafanya nini. Akikichapisha, inashika njia nyingine; akikitii, inaendelea.

Ijumaa Changamwe ikapita. Kisauni ikapita. Likoni mzee karani alivaa miwani, akaisoma hati kwa kidole, mstari baada ya mstari, nami roho mkononi.

"Ule mzigo usiojulikana umeondoka," akasema.

"Meza ni yako," mkubwa akaniambia, na nusura niwakumbatie wote wawili.

Mwezi uliofuata kampuni ilifanya karamu Changamwe, na mpishi nilimchagua mimi. Shangazi alipofika, mkubwa wangu akamkimbilia na soda baridi.

"Ahsante, baba, lakini soda sipikii. Nipe maji ya hapa."

Akapiga funda, akalizungusha mdomoni. Mkubwa akaniuliza kwa sauti ya chini mama anafanya nini.

"Ile mistari ya kuonja juu ya skripti," nikamjibu. "Yeye ndiye aliyeniandikia."

Baada ya chakula shangazi alisimama mlangoni pa jiko, akalikagua kila sinia lililorudi. Yote yalikuwa matupu.