Manyoya Yaliyongoja Sakitu

Juzi mjukuu wangu anayekaa Mahongole, pale Makambako, alinipigia simu, sauti imemkauka. Paka wake mchanga, yule wa manyoya marefu, ananyonyoka. Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Nikamwambia mwache, usimpake kitu. Nilipokata simu mawazo yakanirudisha Njombe ya utoto wangu, enzi Mwingereza anatawala, kwenye jiko la bibi yangu. Sogea basi, nikusimulie.

Baba alikuwa akibandua magome ya miwati kwenye shamba la mzungu. Mke wa mzungu alikuwa na paka jike aliyetoka naye kwao, ana manyoya kama kondoo ambaye hajakatwa. Alipozaa, baba akamletea bibi mtoto mmoja ndani ya koti, kwa sababu panya walikuwa wanamaliza mahindi ya mbegu darini. Dari letu lilikuwa juu ya moto, mahindi yapigwe moshi yasibunguliwe, na kila kitu kwetu kilinuka moshi, hata uji. Nilisoma mpaka darasa la pili tu, nikatolewa nilee mdogo wangu, lakini muda ule mfupi mwalimu alikuwa akijua kwa harufu nimeingia kabla hajageuka kunitazama. Haya, turudi kwa paka.

Alikuja na rangi ya jivu, mwororo, mdogo kama kiazi, na macho ya buluu. Sijawahi kuona kiumbe mwenye macho hayo. Nilikuwa nikiamka kuwasha moto, jambo la kwanza namtazama machoni, na ndivyo nilivyoona buluu ile ikiondoka kidogo kidogo, kama maji yanayotiwa chai, mpaka macho yakawa na rangi ya asali. Nikamuuliza bibi nani anayabadilisha. Akasema, "Yule yule aliyekubadilisha meno."

Kisha jivu likaanza kudondoka. Manyoya yalitoka mafungu mafungu, tukayakuta kwenye mkeka, tukayakuta kwenye ugali. Chini yake palionekana peusi. Shingo ikawa nyembamba, masikio makubwa, miguu mirefu isiyo na mpango. Mkia peke yake ndio uliokuwa umeanza kumea, basi akawa kama kijiti kinachoburuta unyoya wa jogoo.

Jirani yetu, mama mmoja mjane, alisimama mlangoni akamtazama kwa muda.

"Mnyalukolo, ndugu yangu, hicho ni paka au ufagio uliokwisha?"

"Ufagio huu unakamata panya," bibi akajibu. "Wa kwako unakamata nini?"

Wakacheka, ila jirani aliacha kwanza. Mbuzi wake na wetu walichungwa pamoja, leo zamu yake, kesho yetu. Na miaka ya nyuma upele ulikuwa umemmalizia zizi zima, akabaki na kamba mkononi. Akasema paka ana upele. Siku ya pili akaja na maji ya tumbaku yaliyochanganywa na masizi, dawa ya mbuzi, tumpake mwili mzima. Bibi akakataa. "Huyu anajilamba," akasema. "Utakuwa umemnywesha."

"Basi mtupeni mtoni Ruhuji. Ama yeye, ama mbuzi wangu watachungwa peke yao."

Bibi alikuwa anageuza kande, hakuinua kichwa. "Kifaranga akiacha malaika ya utotoni aanze kuota manyoya, si anakuwa mbaya kuliko alivyototolewa? Umewahi kumtupa? Ningojee mpaka sakitu ianguke. Akiwa bado hivi, njoo na gunia lako."

Nilisali, nakuambia kweli. Kanisani wenzangu waliombea wagonjwa, mimi niliombea nywele.

Zikaja. Kwanza mstari mmoja mgongoni, mweusi, unaong'aa kama sufuria iliyopakwa mafuta. Zikashuka ubavuni. Mei baridi ilipokaza, shingoni pakaota kola nene, mapajani akawa kama amevaa suruali pana, vishungi vikatoka masikioni. Hata katikati ya vidole vya miguu zilitoka, nikawa nampanua vidole nizitazame, naona kama nachungulia mahali Mungu anapofanyia kazi. Hakuna aliyemshonea. Hakuna aliyemwambia baridi inakuja.

Asubuhi sakitu ilipoanguka, umande umeganda, majani yote meupe, jirani alikuja, gunia begani. Paka alikuwa ameketi nje, juu ya ule weupe, manyoya meusi yote yametuna, amejaa kama mnyama mwingine kabisa. Jirani akasimama. Akauliza yule mgonjwa yuko wapi. Bibi akaonyesha kwa kidevu.

Mama yule akachuchumaa, akapeleka mkono shingoni kwa paka, vidole vikazama mpaka havikuonekana. "Kuna joto humu," akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Mbuzi waliendelea kuchungwa pamoja. Sasa wote wamekwenda, bibi, jirani, paka mwenyewe, na nyumba za siku hizi hazina dari la moshi. Mtu akitaka kujua kitu anaiuliza simu, inamjibu kabla hajakaa. Lakini baridi ile yote ya mwaka ule, mama yule alikuwa akiingia jikoni kwetu alfajiri kabla ya kwenda shambani, haombi moto wala chumvi. Anaketi, anaingiza vidole vyake kwenye manyoya yale, na bibi hamuulizi amefuata nini.