Kujaza Nafasi kwa Kifaransa

Nilikuwa tayari mama wa watoto wawili nilipoamua kufanya mtihani wa kuingia shule ya wauguzi hapa Kirotshe. Hesabu haikunitisha. Kilichonitisha ni Kifaransa: unapewa sentensi yenye nafasi tupu na maneno manne ya kuchagua. Mimi Kifaransa nilikiacha darasani siku nilipoolewa, kule kijijini Nyamitaba.

Nilitaka kukariri dikisyoneri, kamusi nzima ya Kifaransa. Mume wangu, mkulima wa maharagwe aliyemaliza sekondari, akanizuia tukiwa shambani.

"Mama watoto, sikia. Nimelima tangu asubuhi, lakini siko na... Jaza."

"Njaa!"

"Umejuaje?"

"Mutu mwenye kulima tangu asubuhi anasikia njaa. Na wewe umesema lakini."

"Njo vile! Lakini inageuza maneno. Hata mu Kifaransa, tafuta kwanza neno yenye kugeuza, ao yenye kuleta sababu."

Tangu siku hiyo tulipalilia huku tukitegeana sentensi. Mama mkwe, aliyekuwa mstari wa pili, naye akaingia.

"Muke wa mutoto wangu iko na roho muzuri, kwa hiyo nitamupa..."

"Mbuzi!" nikasema haraka.

"Kazi," akajibu, bila hata kuinua uso. Tulicheka mpaka mume wangu akaketi kwenye matuta.

Siku ya mtihani nilikutana na sentensi hii: mvua haikunyesha kwa miezi mingi, kwa hiyo udongo umekuwa nini, hata mbegu hazioti. Maneno matatu niliyajua: moja lilimaanisha wenye rutuba, moja wenye majimaji, moja laini. La nne, aride, sikuwahi kuliona. Nikarudi kwenye sentensi, nikaisoma polepole kama mtu anayechambua maharagwe. Mvua hakuna. Mbegu hazioti. Yale matatu yote yalikataa kukaa pale. Nikaandika aride.

Nje nilimuuliza dada mmoja tuliyekaa naye benchi moja maana yake.

"Si kavu?" akasema.

Nikamkumbatia, ingawa hatukuwa tunajuana.

Nilipita. Sasa niko mwaka wa pili, na yule dada tunakaa chumba kimoja. Jioni tunapika sombe, yale majani ya muhogo, tunasoma majina ya magonjwa kwa sauti, na tukikwama kwenye neno tunasoma sentensi nzima upya kabla ya kumsumbua mtu.