Tusi Kwenye Tramu ya Essen

Kwa miaka sita mizima niliamini kwamba kila Mjerumani anajua Kiswahili. Niliambiwa Houston, kwenye kiti cha kinyozi, wembe ukiwa sikioni, na mtu aliyekushikia wembe sikioni hubishani naye. Alisema babu zao walipotutawala waliondoka na lugha yetu, wakaificha, na mpaka leo wanafundishana kimyakimya ili wasikie tunavyowasengenya. Ushahidi? Neno shule ni lao. Nikatoka pale na nywele fupi na elimu ndefu.

Nilipohamia Dallas nikaja nayo. Msimamizi wetu ghalani alikuwa na jina la Kijerumani, limejaa konsonanti kama mifupa ya samaki. Asubuhi moja nikamwamkia shikamoo. Akanitazama, akasema gudi moning. Nikajua huyu anaficha.

Mimi ni mtu wa kucheka, aulizwe yeyote mtaani kwetu Vickery Meadow. Lakini tusi la mama likinigusa, mkono hauombi ruhusa. Mama yangu amelala kaburini Tanzania, katika kambi tuliyokimbilia kutoka Burundi. Ghalani, Mkongomani mmoja alinitupia tusi hilo kwa utani tu. Nikamvunja jino, akanivunja kidole, tukaangusha shehena nzima ya sabuni ya maji, tukapigana tukiteleza kama kambare kwa muda ambao ukiniuliza nitasema saa mbili. Tukafukuzwa wote wawili. Ndipo nikaanza shule ya jioni kule Richardson, nikiwa na kidole kilichofungwa kijiti na kalamu katika mkono wa kushoto, na nikamaliza.

Rafiki yangu wa kambini, anayeishi Essen, Ujerumani, akasema njoo tusherehekee cheti chako. Kazi mpya ilinipa siku nne. Ijumaa jioni nilikuwa mezani kwake, nakula ugali wa Ujerumani, na mkewe hakungoja nimalize tonge.

“Shemeji, Jumanne mwenzako anaapishwa uraia. Tumengoja miaka tisa. Kesi yoyote ikifunguliwa kabla ya hapo, hata ya ngumi moja, faili linarudi chini ya mafaili. Mpaka Jumanne, hata mbu usimpige.”

Nikamjibu kwamba mimi na mbu wa Ulaya hatujatambulishana. Alicheka mumewe. Yeye hakucheka.

Jumamosi tukaenda kutazama mgodi wa makaa ya mawe uliofungwa, fahari ya mji ule. Nilivaa buti za Texas na kofia pana ili Ulaya ijue nimetoka wapi. Mwongozaji alikuwa mchimbaji mstaafu mwenye vidole vitatu mkono wa kulia. Alifungulia sauti iliyorekodiwa ya mashine za zamani. Mlio ukanipiga kifuani, meno yakagongana. Kisha akaeleza jinsi gesi inavyolipuka chini ya ardhi: moto unatangulia, upepo unafuata, halafu mwamba unashuka juu ya waliobaki. Rafiki yangu alinitafsiria neno kwa neno. Nilitoka pale nikiona kila mzee wa Essen ametoka vitani.

Tramu ya kurudi, treni ile ya barabarani, ilijaa. Rafiki yangu akabanwa mbele karibu na dereva. Mimi nikapata kiti nyuma kabisa, uso kwa uso na mzee mmoja na mkewe. Mzee akanitazama kutoka kofia mpaka buti. Akamgusa mkewe kwa kiwiko, akaninyooshea kidole, akatamka neno. Sitaliandika. Linaanza na k, na Mswahili anapolitaja mbele za watu huwa anamlenga mama wa mtu.

Kinyozi wa Houston alinijia akilini kama nabii. Nikainama mbele, nikasema kwa Kiswahili, kwa adabu zote, “Mzee wangu, hebu rudia.”

Mzee akatabasamu, akarudia. Mara mbili. Na kicheko juu yake.

Jumanne ikafutika kichwani mwangu. Nilimpiga kofi. Nasema kofi, lakini nadhani Fort Worth kule Texas walilisikia. Mzee hakuanguka. Alivua miwani, akampa mkewe aishike, ndipo akanipiga ngumi. Nimewahi kugongwa na mlango wa ghala. Nimewahi kukutwa nje na mvua ya mawe ya Dallas, kila jiwe kama chungwa. Vile vilikuwa kubembelezwa. Taya lilisafiri, likarudi bila gego moja. Nikamrukia tumboni, tukaporomoka kati ya miguu ya abiria, nikimkaba naye akinisaga mbavu kwa goti, huku mkewe akinitwanga mgongoni kwa mwavuli, taratibu, bila haraka, kama mtu anayetwanga kisamvu. Damu yake ilikuwa machoni mwangu, na yangu kwenye kola yake.

Rafiki yangu akaja akisukuma watu. Alipotufikia, aliingiza mikono yake yote miwili kwapani, akaibana huko, akajitupa kati yetu kwa kifua tu. Hakutaka shahidi hata mmoja aseme aliuona mkono wake umeinuka. Ngumi iliyofuata ya mzee ikampata puani. Nilisikia mfupa. Ngumi yangu ikampata sikioni. Mikono haikutoka kwapani.

Tramu ikasimama, polisi wawili wakaingia, wakauliza nani kaanza. Mimi nilikuwa na damu mdomo mzima. Mzee alimtazama rafiki yangu aliyesimama pale amejikumbatia, pua ikimwagika hadi kwenye viatu, akaitazama ngumi yake mwenyewe iliyopasuka, kisha akasema tramu ilifunga breki, tukaangukiana. Polisi hawakuamini hata robo. Wakaandika majina yetu wote, wakatuacha. Kama majina yale yangefika ofisi ya uraia kabla ya Jumanne, hakuna aliyejua.

Nyumbani shemeji alifunga barafu kwenye kitambaa, akampa mumewe, mimi akanipita kama kabati. Rafiki yangu akaniuliza kwa nini.

“Amemtukana mama.”

Huyu ndiye aliyeshika jeneza la mama upande wa mbele. Amekula kwenye sufuria ya mama mara nyingi kuliko mimi.

“Mama yetu?”

“Mama yetu.”

Alirudisha kitambaa puani, barafu ikichuruzika kidevuni. “Basi,” akasema. “Hata Jumanne ikiharibika.”

Jumapili nikapanda ndege kurudi Dallas. Jumanne mchana nilikuwa kwenye maegesho ya magari Vickery Meadow, shavu limevimba kama andazi, nikiwasimulia majirani. Mzee alikuwa ameshakuwa vijana watatu, na mmoja wao bondia. Simu ikalia. Rafiki yangu alikuwa ameapishwa, cheti kiko mkononi, na nyuma yake nilimsikia shemeji akipiga vigelegele. Nilikaa chini kwenye lami. Sijui nilicheka au nililia. Taya liliuma kwa vyote viwili.

Kisha akaniambia nisogee mbali na watu. Alitaka kujua yule mzee alitamka neno gani hasa, maana siku zile mbele ya mkewe nilikataa kulitaja. Nikasogea, nikalisema kwa sauti ya chini.

Akaniomba nilirudie, nikalirudia.

“Ndugu yangu,” akasema, “watu wa huku wanasema hivyo wakitaka mwenzao aangalie kitu. Maana yake ni ‘tazama’. Wajerumani hawajui Kiswahili.”