Hodi Getini Sandton

Mimi ni fundi cherehani, na mkono wangu haujawahi kunitia aibu. Niletee kitambaa chochote, nitakikata. Lakini nipe tiketi ya ile treni ya kasi ya Johannesburg, inayopita chini ya ardhi kutoka Park Station kwenda Sandton, uone nitakavyotoka jasho. Nimeelezwa mara ngapi sijui, kwa Kiingereza na kwa Kizulu, na mpaka leo sijaielewa. Na nusura ininyime mke.

Ilikuwa mwaka 2017. Nilikuwa nashona Yeoville, kwenye duka la fundi mmoja Mkongo wa Lubumbashi, na nilikuwa nampenda binti wa kwetu Tanga aliyeishi Sandton kwa kaka yake, mtu wa benki. Mwaka huo baba yake alikuja kuwatembelea. Mzee alikuwa mkaguzi wa tiketi relini enzi zile gari moshi la Tanga linakwenda. Alikwishastaafu, ila saa yake bado aliitazama kila baada ya tonge. Binti alipomweleza habari zangu, mzee alisema hana neno, bora watu wazima waje wabishe hodi kwake kabla hajaondoka. Ndege yake ilikuwa Alhamisi jioni.

"Nikipanda ndege sijasikia hodi, basi tena," akamwambia.

Nyumbani Tanga kulikuwa na familia nyingine inasubiri jibu lake, na kijana wao ana duka la vipuri na gari mbili. Mimi nilikuwa na cherehani, tena si yangu. Niliposimuliwa hayo sikulala.

Ugenini huchagui wazee, unachukua waliopo. Washenga wangu walikuwa watatu. Wa kwanza baba yangu mdogo, mkubwa wa msafara, mtu ambaye hajawahi kukubali mdogo wake alipe chai mbele yake. Wa pili bosi wangu Mkongo, Mkristo, mwimba kwaya, aliyesema kwa Kiswahili cha kwao, "Mutoto anaoa, baba yake huku njo mimi." Wa tatu bibi mmoja wa Kizanzibari, jirani yetu pale Joubert Park, ambaye ulimi wake peke yake ni msafara. Mwenyewe haendi kujiposea, ni aibu, kila mtu anajua. Kazi yangu ilikuwa kuwafikisha Sandton, kisha nikae mbali nisionekane. Teksi, zile daladala za huku, bibi alizikataa, goti lake halipendi kukunjwa. Ndipo tukaamua treni.

Jumatano nikaenda dirishani kununua kadi. Dada wa dirishani akanieleza taratibu, Mungu ambariki. Kuna tiketi ya stesheni mbili tu, unahesabiwa safari zako na siku zako, zikiisha zimeisha. Kuna ile ya kujiachia, unatia hela kwenye kadi unakwenda utakako saa yoyote, lakini bei haikai mahali pamoja. Asubuhi watu wakienda kazini na jioni wakirudi, juu. Katikati ya mchana, chini.

Nikamuuliza, "Treni ni ileile?"

"Ileile."

"Na kiti?"

"Kilekile. Ila saa hizo labda usipate, utasimama."

"Kwa hiyo anayesimama analipa zaidi ya aliyekaa?"

Akanitazama kwa huruma, akasema, "Eish, baba." Watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Nikatoka pale na kadi nne, tatu zao na moja yangu, kila moja nimeitia nauli ya mchana na si senti zaidi. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Tulipatana kuondoka Alhamisi baada ya Adhuhuri. Baba mdogo alikuwa tayari, kanzu imenyooka. Mkongo alikuja na suti ya buluu aliyoishona mwenyewe, na kiatu unaweza kujinyolea ndevu. Bibi akasema ah wapi, haendi mtu kuposa ananuka sabuni. Akawasha chetezo, akatia udi, akafukiza buibui lake, kanzu ya baba mdogo, suti ya Mkongo, na kikapu chenye halua, kitambaa na manukato. Moshi ukajaa chumba. Mara king'ora cha moto kikalia, ghorofa nzima, na wewe unajua majengo yale yana watu wangapi. Tukashuka ngazi zote pamoja na wenye magodoro na wenye watoto migongoni, tukasimama bustanini kungojea mlinzi akague vyumba, kimoja kimoja, mpaka Alasiri. Bibi alikuwa amekishika chetezo mkononi, kinafuka. Wapangaji walimtukana kwa lugha sita. "Hasidi hana sababu, yakhe," akaniambia, wala hakutikisika.

Tulipofika Park Station, saa za msongamano zilikuwa zimeanza. Mimi sikujua. Mkongo akagusisha kadi, geti likawaka jekundu. Bibi akagusisha, jekundu. "Hii mashini iko na roho mubaya," alisema Mkongo. Ndipo nikaelewa, au nikadhani nimeelewa, kwamba ule ujanja wangu wa nauli ya mchana umekwisha muda, kama maziwa. Nikawanyang'anya kadi zao, nikakimbia kwenye mashine ya kuongeza hela. Mashine nayo ikaniuliza maswali, safari gani, aina gani, stesheni gani, nikajibu nikakosea, ikanirudisha mwanzo. Wallahi nilitamani kuipiga teke, mpaka mwisho ikakubali kuziongezea hela kadi zote tatu, zao mbili na yangu.

Nilipogeuka sikuwaona.

Kumbe baba mdogo, kwa siri, alikuwa ameongeza hela kwenye kadi yake tangu asubuhi, maana mkubwa wa msafara hatoki nyumbani na mfuko mtupu. Kadi yake ilifungua lile geti pana la wenye mizigo. Akasimama pembeni, akawapitisha wenzake na kikapu chao, kisha akapita mwenyewe. Kwenye teksi za Johannesburg ndivyo tunavyofanya siku zote, mmoja anapeleka hela mbele anasema watatu, mambo yamekwisha. Na kwa desturi yetu, mkubwa akilipa, kalipa kwa wote. Nikawaona kwa mbali wanazama na ngazi za umeme, baba mdogo kanipungia mkono kuonyesha mambo ni sharp, yaani shwari. Nikapaza sauti, hakunisikia. Nikagusisha yangu, nikashuka mbio, nikakuta treni imeondoka nao.

Nilisubiri nyingine huku nimeshika kadi za watu wawili waliomo ndani ya treni bila kadi. Nilijaribu kufikiri watatokaje kule, kichwa kikagoma.

Sandton niliwakuta wamesimama upande wa ndani wa mageti, wamejipanga. Askari wa geti, kijana mrefu mwenye subira, alikuwa anamweleza bibi jambo kwa Kizulu, na bibi anamjibu kwa Kiunguja, na hakuna aliyeudhika.

"Mimi linanifungulia," baba mdogo akaniambia. "Hawa linawakatalia. Nikamwambia nimelipia wote, anacheka tu."

"Sasa wewe si utangulie, baba? Mzee anaondoka!"

"Nitangulie vipi? Ujumbe wa mtu mmoja ni ujumbe? Mkubwa haachi watu nyuma."

Nikatoa zile kadi mbili, nikazijaribu. Jekundu. Askari akanieleza polepole, kama unavyomweleza mgonjwa: kadi hizi hazikuingia popote, sasa zitatokaje? Nikamwambia lakini wenyewe wameingia, si unawaona? Akasema ndiyo, watu wameingia, kadi hazijaingia. Nikamwambia hela zimo. Akasema hela si neno. Hapo mimi nikapotea kabisa. Akampigia simu mkubwa wake aje, na akatuomba tungoje.

Simu yangu ikatetemeka. Ujumbe wa binti: "Baba amechoka kungoja. Tumetoka."

Nilimfikiria yule kijana wa vipuri, nikamchukia bila ya kumjua. Nikataka kumfokea baba mdogo, nikataka kumfokea bibi na udi wake, na zaidi nilijichukia mwenyewe na ubahili wangu wa nauli. Wakati huohuo nikamwona mzee anakuja, upande wa nje wa mageti, kofia ya kiua kichwani, sanduku mkononi, na binti nyuma yake anamsindikiza. Anakwenda uwanja wa ndege kwa treni hiihii. Nikaruka nyuma ya nguzo, maana mwoaji haonekani.

Mzee akafika getini, akagusisha kadi. Jekundu. Akaifuta kwa leso, akagusisha tena. Jekundu. Alikuwa kapewa kadi ya mwanawe, ile ya safari za kuhesabu, stesheni mbili tu, na uwanja wa ndege haumo. Askari akamweleza. Mzee akaivua miwani, akaivaa.

"Nimekagua tiketi maisha yangu yote," akasema. "Tiketi ni tiketi. Unayo au huna. Hii ninayo, kisha unaniambia sina?"

"Ndivyo, mzee wangu," alisema Mkongo kutoka ndani, kwa uchungu wa mtu aliyeonewa pamoja naye. "Sisi pia!"

Mzee akamtazama, akamwona na baba mdogo mwenye kanzu, akamwona bibi mwenye kikapu, wote watatu wananukia udi mpaka kule nje. Baba mdogo akakohoa. Akasogea mpaka kwenye kioo cha geti, akakigonga kwa kidole mara tatu.

"Hodi!"

Na mzee, kwa mazoea ya miaka yote aliyoishi, akajibu, "Karibu."

Neno likishatoka halirudi. Alijua, na sisi tulijua. Bibi hakumpa nafasi ya kufikiri, akapiga kigelegele pale pale, stesheni nzima ikageuka, hadi watu wa benki na masanduku yao. Mzee akauma mdomo ili asicheke. Nyuma yake binti alijifunika uso kwa mtandio.

"Haya, nimeshakaribisha," akasema. "Semeni kilichowaleta, treni hainingojei."

Baba mdogo akasema. Alisema vizuri, kwa utulivu, yeye ndani na mwenzake nje, kwamba wameona ua kwenye uwanja wa watu na wamekuja kuuliza kama lina mwenyewe. Watu wanaotoka kazini walipita huku na huku, mageti yakiwafungukia wote.

"Na kijana mwenyewe yuko wapi?" mzee akauliza.

"Kazini," akasema baba mdogo.

"Anashona," akasema Mkongo.

"Hata Sandton hapajui," akasema bibi.

Askari, masikini, hakujua Kiswahili. Aliona watu wanamtafuta mtu, akaninyooshea kidole nyuma ya nguzo.

Nikatoka. Sijui niliweka mikono wapi. Nikatoa shikamoo, mzee akaitikia marahaba, akaniangalia kuanzia viatu.

"Kijana, wewe kadi yako ni nzima?"

"Nadhani, mzee. Sina hakika."

"Jaribu."

Nikagusisha. Geti likafunguka, mimi peke yangu, na nikajikuta nje, mbele ya mzee, washenga wangu wote wakiwa nyuma ya kioo. Nilijihisi nimevuliwa nguo. Mzee akanipa sanduku lake.

"Nendeni mkaninunulie tiketi inayokwenda."

Tukaenda mashineni, mimi na binti, mara ya kwanza kusimama pamoja huku baba yake anatuona. Mashine ikauliza maswali yake yaleyale. Binti akasoma, mimi nikabonyeza, tukakosea, ikaturudisha mwanzo. Akanong'ona, "Usikimbie." Tukarudia taratibu mpaka ikatoa kadi, na hata leo sijui tulichonunua ni cha aina gani. Mzee akaigusisha na geti likafunguka.

Akachukua sanduku lake, akapita, akasimama ndani na wale wazee watatu. Wakapeana mikono, wakaulizana za Tanga na za Unguja na za Lubumbashi. Mkubwa wa askari alikuwa bado hajafika kuwatoa. Sauti ikatangaza treni ya uwanja wa ndege. Mzee akapiga hatua mbili, kisha akageuka. Binti wake alikuwa nje ya geti, na mimi kando yake. Alitutazama kwa muda, macho yake yakalowa, asiyafute.

"Ndugu yangu," akamwambia baba mdogo, "mimi niko huku na nyinyi, wao wako kule pamoja. Jibu gani tena mnataka?"

Nilitaka kumshukuru, binti akaniwahi, akalia kwa niaba yetu wote wawili.